Kutoka Uwanja wa Ndege wa Manda hadi Nyumba ya Mapumziko Lamu au Shela

Msafiri anayekwenda Lamu kwa ndege hashuki Lamu. Anashuka Manda, kisiwa kinachotazamana na mji, na kati yake na kitanda alichokwisha kulipia kuna mlango wa bahari usio na daraja wala kivuko cha magari. Kwa mtu wa Amu, kama sisi wenyeji tuitavyo Lamu, hili halihitaji kuelezwa, lakini wageni wengi hulijua wakiwa tayari wameshika mizigo mkononi, wanauliza teksi ziko wapi. Nimekuwa nikiwapokea jamaa na wageni kwenye gati la Manda kwa miaka mingi, na taabu karibu zote nilizoziona hapo zilitokana na mambo mawili: mtu hakujua maji yatakuwa wapi saa ya kuwasili kwake, au aliiachilia mizigo kabla ya kupatana bei.

Kabla ya kununua tiketi, uliza nyumba yako iko mahali gani hasa. Jina la Lamu katika matangazo ya nyumba za wageni ni pana mno. Linaweza kuwa mji wenyewe, yaani Mkomani au Langoni. Linaweza kuwa Shela, yapata kilomita tatu kusini ya mji. Linaweza kuwa Ras Kitau, ambayo iko Manda, ng'ambo ya Shela. Linaweza hata kuwa Kipungani, upande wa pili wa kisiwa, ambako boti huchukua muda mrefu zaidi na nauli hupanda kwa kiasi hicho hicho. Muulize mwenye nyumba boti itafunga wapi, kutoka hapo hadi mlangoni ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu, na ngazi za nyumba zikoje. Swali hili la mwisho watu hulidharau. Nyumba za kale za Amu ni za ghorofa, ngazi zake ni za mawe na zimesimama wima, na chumba kinachosifiwa kwa upepo mzuri mara nyingi ndicho kilicho juu kabisa. Anayesafiri na mzee aombe chumba cha chini tangu mapema, wala asingoje kuona.

Anayetoka nje ya nchi na kutua uwanja wa Jomo Kenyatta ahakikishe ndege yake ya Lamu inaondoka uwanja upi, kwa sababu baadhi huondoka hapo hapo na nyingine huondoka Wilson, na kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni safari ya gari katika msongamano wa Nairobi. Mimi huwaambia jamaa zangu waache saa tatu katikati, na kama ndege ya kwanza inatua jioni, walale Nairobi na kuondoka asubuhi.

Kuhusu mizigo, chukua begi laini. Ndege nyingi zinazokuja huku ni ndogo, na baadhi yake humruhusu abiria kilo 15 tu, lakini sababu yangu kubwa si ndege. Begi laini hushuka katika boti bila kumgonga mtu, hukaa vizuri katika shogi la punda, yaani mfuko wa mizigo anaotandikwa mgongoni, na hamali hulibeba begani; sanduku gumu halikai kwenye shogi, na magurudumu yake hayana kazi katika vichochoro vya mawe na mchanga. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iachwe kabisa, kwani Kenya imeipiga marufuku tangu mwaka 2017. Simu, dawa na karatasi za safari vitiwe katika mfuko usiopenya maji, kwa sababu hata siku ya shwari rasharasha za bahari hufika.

Kuna kosa dogo la saa ambalo nimeliona likiwaacha watu gatini peke yao. Tiketi huandikwa kwa hesabu ya Kizungu na nahodha huhesabu kwa saa za Kiswahili. Mgeni anayempigia nahodha simu na kusema anafika saa kumi, kwa kuwa tiketi imeandika 10:00, atapata boti yake saa kumi ya alasiri, na nahodha hatakuwa na kosa lolote. Sema saa nne asubuhi, kisha mtumie ujumbe wa maandishi ili asome mwenyewe.

Sasa maji. Bahari ya huku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, katikati ya nyakati hizo, tofauti hiyo ni ndogo. Jambo ambalo halimo katika vitabu vya watalii ni kwamba katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kabisa alfajiri na tena alasiri, mara zote mbili kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na kwa hiyo hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, saa ile ile ambayo ndege nyingi za asubuhi huwa zimetua au zinakaribia kutua. Anayewasili asubuhi siku ya bamvua atakuta gati limeinuka juu ya boti kama ukuta, na ngazi zilizo wazi zitakuwa zile ambazo kwa kawaida zimefunikwa na bahari. Anayewasili saa hiyo hiyo katika siku za maji mafu atakuta maji mengi na hatajua kwa nini watu hulalamika.

Khalati yangu, dada wa mama, alikuja kutoka Mombasa kwa ajili ya Maulidi. Maulidi ya Amu, ambayo msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh ndio kitovu chake, husomwa mwishoni mwa Mfunguo Sita, yaani mwezi wa Rabiul Awwal, na mwisho wa mwezi maana yake ni kwamba bamvua limekaribia au limeshaingia. Kwa hiyo wageni wengi wa Maulidi hufika katika siku ambazo maji ya asubuhi yamekauka zaidi. Mimi niliyezaliwa hapa sikulifikiria hilo nilipomkatia tiketi ya asubuhi. Tulipofika ng'ambo, upande wa mji, ngazi za chini zilikuwa zimeota mwani, na yeye ni mtu mzima mwenye goti bovu, amevaa buibui refu na viatu vya soli nyororo. Nahodha hakumharakisha. Alizima mashine, akashika pete ya chuma ya gati kwa mkono mmoja, akamwambia, "Mama, vua viatu. Usikanyage palipo kijani, kanyaga palipo peupe." Peupe ni pale makome yalipogandamana kwenye jiwe, pakavu na penye kukwaruza, ambapo mguu hauponyoki. Khalati alipanda ngazi tisa hivyo, moja moja, akinishika mimi mkono wa kulia na mwanawe nahodha mkono wa kushoto, na alipofika juu nyayo zake zilikuwa na michubuko midogo lakini hakuanguka. Tangu siku hiyo mimi hutazama mwezi kabla ya kutazama bei ya tiketi, na kwa mgeni yeyote mzee huchagua siku za maji mafu, au ndege ya alasiri ikiwa ni bamvua.

Ukishatua, mambo ni rahisi kuliko wengi wanavyohofia. Uwanja ni mdogo, mizigo huletwa karibu nawe baada ya muda mfupi, na kutoka hapo hadi gatini ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hapa ndipo watakapokujia mahamali, manahodha na vijana wa kutembeza wageni, wote kwa pamoja. Salimia kwanza. Ukiitikia salamu kwa utulivu na kusema, "Nimeshapokewa, ahsanteni," wengi watakuacha kwa heshima. Ukipita kimya huku umenuna, utafuatwa hadi majini. Kama nyumba yako imekutumia boti, jua jina la nahodha kabla hujaondoka nyumbani na umuulize anayejitambulisha kuwa ndiye jina la mgeni anayemngoja, badala ya kumtajia wewe jina lako.

Kama hukutumiwa boti, una njia mbili. Ipo boti ya pamoja inayovusha abiria hadi mjini, ambayo nauli yake ni ndogo lakini hungoja ijae. Na zipo boti za kukodi, ambazo huondoka mara moja na kukufikisha gati unalotaka. Kwa mtu mmoja mwenye begi moja anayekwenda mjini, boti ya pamoja yatosha kabisa, nami huipanda bila haya. Kwa jamaa wa watu wanne au watano, au kwa anayekwenda Shela, kukodi hakuumizi sana mkigawana. Vyovyote iwavyo, patana kabla begi halijaondoka mkononi mwako, na mapatano yawe kamili: ni bei ya boti nzima au ya kila kichwa, mizigo imo au haimo, na je, hamali wa upande wa pili atalipwa na nani. Niliwahi kumpeleka mgeni ambaye alipatana bei ya boti tu, na alipofika Shela alidaiwa kiasi kingine cha kuteremsha mizigo na kingine cha kuifikisha mlangoni. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyeuliza. Ni vyema kubeba noti ndogo, ingawa M-Pesa inapokelewa na karibu kila mtu, kwa sababu benki ziko ng'ambo, mjini, na gatini hakuna mwenye chenji ya noti ya shilingi elfu.

Katika boti, omba jaketi la kuokolea maisha na ulivae. Watu wa hapa mara nyingi hawavai, na mgeni huona aibu kuvaa peke yake, asione. Kuvuka hadi mji ni kama dakika kumi, na hadi Shela huzidi kidogo, lakini Shela iko karibu na mdomo wa mlango wa bahari, na katika miezi ya kusi, upepo utokao kusini, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ya bahari kuu huingia hadi hapo. Ukiwa na mtoto mchanga wakati wa kusi, kaa nyuma karibu na nahodha, ambako boti hairuki sana. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia zaidi na hata anayeogopa maji huvuka akiwa ametabasamu.

Mjini utashukia ufuoni, na kama nyumba yako iko Mkomani au Langoni, taja jina la msikiti ulio karibu nayo, wala si jina la nyumba. Majina ya nyumba za wageni hubadilika na mengine yamewekwa juzi, ilhali misikiti inajulikana na kila mtoto. Mji huu, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa ajili ya magari. Vichochoro vyake ni vya mtu na punda, na punda aliyebeba mchanga au mawe hapishi. Ukisikia kwato nyuma yako, ingia katika daka, yaani kibaraza, la mlango ulio karibu, umwache apite, kisha uendelee.

Shela ina gati, lakini boti nyingine hupendelea kutua mchangani, na hapo suruali hukunjwa na viatu hushikwa mkononi. Wapo wanaochagua kushuka mjini na kwenda Shela kwa miguu kando ya bahari, mwendo wa dakika 40 hivi. Ni matembezi mazuri, nayapenda mwenyewe jioni, lakini si ya siku ya kuwasili, kwa kuwa maji yakijaa sehemu ya njia hufunikwa na mwenye begi hulazimika kurudi au kulowa hadi mapajani.

Anayekuja kwa basi kutoka Mombasa au Malindi hapiti Manda. Yeye hushukia Mokowe, bara, na huvuka kwa boti kwa muda wa nusu saa hivi. Mengine yote niliyoyasema kuhusu maji, mapatano na mizigo yanamhusu yeye pia.

Safari ya kurudi huhitaji kupangwa usiku uliotangulia, na si asubuhi yake. Mwambie nahodha saa ya ndege, umwachie yeye aseme boti iondoke saa ngapi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama maji yatakuwa yamepwa gatini na kama atalazimika kuizungusha boti mbali na fungu la mchanga. Akisema muondoke nusu saa mapema kuliko ulivyodhani, usimpinge. Ikiwa ni Ijumaa na ndege ni ya mchana, panga kuvuka kabla ya watu kuingia misikitini, kwani wakati wa sala ya Ijumaa gati huwa tupu, na nahodha wako naye atakuwa amekwenda kusali.