Kuishi kati ya ECHL na AHL: hesabu na maandalizi ya mchezaji wa hoki ya barafu

Ukisaini na klabu ya ECHL, ligi ya kulipwa ya Marekani iliyo ngazi mbili chini ya NHL, ligi kuu, anza kuhesabu mechi zako. Msimu una mechi 72, na mchezaji asiye kipa aliyefikisha mechi 260 za ligi za kulipwa huitwa mkongwe. Timu huruhusiwa kuchezesha wakongwe wanne tu katika mechi moja. Misimu minne bila kukosa ni mechi 288, basi katika msimu wa tano unagombea nafasi nne hizo. Makipa hawabanwi na sheria hii. Wengi huachwa wakiwa bado wana uwezo, kwa sababu ya hesabu tu.

AHL, ligi iliyo kati ya ECHL na NHL, nako kuna kikomo: kati ya wachezaji 18 wasio makipa, angalau 13 wawe wa kukuzwa, yaani 12 wasiozidi mechi 260 na mmoja asiyezidi 320. Kwa hiyo misimu mitatu ya mwanzo ndiyo ya kusukuma mlango. Hata kipa Jonathan Quick, asiyebanwa na hesabu hizi, alipanda mapema: alikuwa Reading, klabu ya ECHL, msimu wa 2007-08; mwaka 2012 alibeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL.

Ukiitwa juu, AHL, mara nyingi utapewa mkataba wa majaribio wa mechi 25. Usiuchukulie kama ajira ya mechi 25, maana klabu inaweza kukurudisha hata baada ya moja. Usivunje makazi ya chini: klabu za ECHL huwapa wachezaji nyumba. Kama wewe si Mmarekani na una viza ya P-1, ya wanamichezo, ukiuzwa kwa klabu nyingine una siku 30 za kuendelea kucheza. Ndani ya siku hizo klabu mpya iwe imewasilisha ombi lake. Muulize meneja siku ya kwanza, usingoje ya ishirini na tisa.

Simu huweza kuja asubuhi na mechi ikawa jioni. Kinachoharibu zaidi hapo ni viatu vya kutelezea na vyuma vyake. Mtunza vifaa mgeni atanoa kwa kipimo chake, nawe utateleza kwenye kona ya kwanza. Andika kipimo cha mfereji wa chuma chako, yaani nusu kipenyo cha mduara unaonolewa kati ya kingo zake mbili, ndani ya ulimi wa kiatu. Nusu inchi ni ya kawaida. Mduara mdogo zaidi hung'ata barafu lakini huchosha miguu, mkubwa huteleza vizuri ila kugeuka ghafla kunakuwa kugumu. Beba jozi mbili za vyuma vilivyonolewa, na hakikisha urefu unalingana na kishikio chake chini ya kiatu: cha milimita 280 hakiingii penye 272. Kisha laza sarafu juu ya kingo mbili za chuma. Ikiinama upande mmoja, ukingo mmoja uko juu kuliko mwenzake. Rudisha kikanolewe kabla ya kupasha misuli, kwani ukishaingia mchezoni hakuna muda.