Namna ya kulichambua neno la Kiingereza «bank»: la tuta na la benchi

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili mjini Iringa aliwahi kuniletea daftari lenye sentensi «We rested on the bank of the Little Ruaha», na chini yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kupendeza: «Tulipumzika kwenye benki ya Ruaha Mdogo.» Mto huo anaufahamu vizuri, kwani unapita mjini hapo hapo, na benki anaifahamu pia. Kilichomponza ni kudhani kwamba neno lenye umbo moja ni neno moja.

Anza kwa kufungua kamusi ya Kiingereza iliyo kamili, kisha, kabla ya kusoma maana yoyote, hesabu vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa ili yafafanuliwe. Utakuta «bank» limeandikwa zaidi ya mara moja, kila mara na namba yake ndogo, kama kamusi zetu zinavyolitenga kaa la kuishi mahali, kaa wa pwani mwenye magando na kaa la moto. Namba hizo ndizo zinazokueleza kwamba maneno haya yamefika kwa njia tofauti, na anayeziruka huishia kukariri orodha ndefu ya maana zisizoshikamana.

Baada ya hapo tafuta maelezo ya asili, ambayo huwekwa mwanzoni au mwishoni mwa kidahizo. «Bank» ya mto inatokana na lugha ya watu wa Skandinavia, ambao walianza kuhamia Uingereza katika karne ya 9. Kwa Kinorsi cha kale neno lilikuwa «bakki», yaani mwinuko wa ardhi. Mtu aliyelima viazi Makete au Uporoto hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa picha yenyewe ni tuta. Ukiishika picha hiyo, maana nyingine zitajipanga zenyewe: ukingo wa mto ni ardhi iliyoinuka kando ya maji, «a bank of cloud» ni mawingu yaliyorundikana, kama yale yanayouficha mlima Loleza asubuhi za masika hata mgeni wa Mbeya asijue kama mjini pana mlima, na «to bank a fire» ni kuyafukia makaa kwa majivu ili moto ulale mpaka alfajiri, jambo ambalo mama zetu wa nyanda za baridi wamelifanya miaka yote bila kulitafutia neno la Kiingereza. Hata ndege inapolala ubavu ili ikate kona husemwa kuwa «banks», kwa sababu mwili wake umeinama kama mteremko wa tuta.

«Bank» ya fedha ilifika Uingereza mwishoni mwa karne ya 15 kutoka Kifaransa na Kiitaliano, ambako «banca» ilikuwa benchi au meza ya wabadili fedha. Kwa hiyo benki na benchi, maneno mawili tuliyoyapokea kwa nyakati tofauti, ni ndugu. Benki ya damu imo katika ukoo huu: jina hilo lilitolewa mwaka 1937 na daktari Bernard Fantus huko Chicago, naye alikuwa akifikiria mahali pa kuweka na kutoa, si benchi. «To bank on someone», yaani kumtegemea mtu, ni wa ukoo huu pia.

Ukirudi nyuma zaidi, tuta na benchi vinakutana katika lugha za kale za Kijerumani. Jambo hili lisikushangaze, kwa maana Kiswahili kina baraza: kwanza ni sehemu iliyoinuliwa mbele ya nyumba ili watu wakae, kisha ni mkutano wa waliokaa hapo, na hatimaye ni Baraza la Mawaziri. Kiti kimegeuka taasisi, sawasawa na benchi la Waitaliano.

Unapotafsiri, basi, jiulize kwanza kama sentensi inazungumzia kitu kilichoinuka au kitu kilichowekwa, ndipo uchague kati ya ukingo, rundo, benki na akiba. Usiandike «benki» kwa sababu tu sauti zinafanana.

Mwanafunzi wangu alisahihisha: «Tulipumzika ukingoni mwa Ruaha Mdogo.» Wiki iliyofuata alirudi na «bankrupt», akitaka kujua ni ya tuta au ya benchi. Nilimjibu kwamba ni ya benchi, kutoka Kiitaliano «banca rotta», benchi lililovunjika, na kwamba sisi tunasema muflisi, neno la Kiarabu lenye shina moja na fulusi. Akaandika yote mawili katika ukurasa mmoja.