Jinsi ya Kuomba Chanjo ya Chambavu na Kimeta kwa Ng'ombe Wako Jijini Nairobi

Mfugaji wa Ruai, Kamulu, Karen au Dagoretti anayesubiri mawingu yatande ndipo amtafute daktari wa mifugo huwa amekwisha kuchelewa. Kinga ya chanjo huchukua takriban wiki mbili kujengeka mwilini, ilhali vijidudu vya chambavu (ugonjwa wa kuvimba misuli, kwa Kiingereza blackleg) na kimeta (anthrax), ambavyo huweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa, huwapata ng'ombe hasa mvua zinapoanza. Kwa hiyo ombi la masika lipelekwe mapema Februari, na la vuli mapema Septemba.

Anza kwa kuandika orodha ya mifugo yako: idadi, umri, wenye mimba na miezi ya mimba hizo, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Usiwaache nje mitamba na madume wachanga kwa sababu tu wamenona. Chambavu huwashambulia zaidi ng'ombe wa kati ya miezi 6 na miaka 2, na mara nyingi huanza na wale wenye afya nzuri.

Huduma za mifugo ziligatuliwa chini ya Katiba ya 2010. Kwa hivyo barua yako ipelekwe kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo unakoishi, wala si makao ya idara ya kitaifa kule Kabete. Barua fupi yatosha: "Naomba ng'ombe wangu 4 wachanjwe dhidi ya chambavu na kimeta kabla ya masika. Boma liko karibu na shule ya msingi, na orodha nimeiambatisha." Weka nambari yako ya simu, ubaki na nakala, na uulize kama kuna ada, ukilipa, dai risiti. Ni vyema zaidi majirani waombe pamoja, kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi na ikishafunguliwa haifai kuwekwa hadi kesho.

Ukichagua daktari wa kibinafsi, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kununua chupa dukani na kuwadunga ng'ombe mwenyewe sikushauri hata kidogo, kwa maana chanjo ya kimeta ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa.

Siku ya kuchanja, wafunge ng'ombe mapema au waingize katika krashi (kijia chembamba cha kuwabana ng'ombe) kungali na ubaridi. Kisha omba kuonyeshwa kasha la barafu: chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na iliyopata joto haikingi chochote ingawa kwa macho haina tofauti. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi. Mweleze daktari kuhusu ng'ombe yeyote mgonjwa au aliyedungwa antibiotiki siku za karibuni, kwani dawa hizo huua chanjo ya kimeta kabla haijafanya kazi.

Ng'ombe akifa ghafla kabla ya zamu yako kufika, huku damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimchune, usimpasue, wala usigawe nyama. Kimeta huua watu pia. Piga simu ofisi hiyo hiyo mara moja. Wanaolisha upande wa Kitengela, unaopakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, wawe macho zaidi, maana kimeta hakibagui: mwaka 2015 kiliua nyati wengi katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Nyati wenyewe hawaingii katika ombi lako; hao wako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Baada ya kuchanjwa, uvimbe mdogo mahali pa sindano ni wa kawaida. Uliza ni siku ngapi zipite kabla ya kuchinja, kisha upokee cheti chenye tarehe, idadi ya ng'ombe na nambari ya toleo la chanjo. Kiweke salama: utakihitaji ukiomba kibali cha kusafirisha mifugo, na pia mwakani, kwa kuwa chanjo hii hurudiwa kila mwaka.