VLAN mbili, waya mmoja wa ruta
Mafundi mnaofunga mitandao ya ofisi Mtumba na Area D, Dodoma: mteja akitaka uhasibu na mapokezi wawe VLAN tofauti (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi ileile) lakini wafikiane, usimnunulishe ruta ya pili. Gawanya poti moja ya ruta, g0/0, iwe vipande viwili: g0/0.10 na g0/0.20. Kila kipande anza na amri encapsulation dot1q 10, au 20 (namba ya VLAN yake), ndipo uweke anwani ya IP. Ruta za Cisco hukataa ukitanguliza IP. Namba ya baada ya nukta ni jina tu, inayofanya kazi ni ya dot1q. Poti mama, g0/0, haihitaji IP, ila iandikie no shutdown ili iwake. Kwenye swichi, poti inayoelekea ruta iwe switchport mode trunk, yaani ipitishe VLAN zote mbili. Ping (jaribio la kuona kama mashine zinafikiana) ikigoma, kagua hapo kwanza, wengi husahau. Kama kuna kamera nyingi zinazovuka VLAN, waya huo mmoja utaelemewa; tafuta swichi ya Layer 3, inayounganisha VLAN yenyewe bila ruta.