Namna ya Kuchimbua Barabara ya Kirumi: Mfano wa Pompeii

Wachimbaji wa mwanzo wa Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia uliofukiwa na volkano, walikuwa wakifukua barabara kwanza, kisha wakaingia nyumbani kupitia milango ya chini, na kwa sababu hiyo kuta na ghorofa nyingi zikawaporomokea. Giuseppe Fiorelli, aliyesimamia kazi hiyo katika miaka ya 1860, aliagiza uchimbaji uanzie juu na kushuka tabaka kwa tabaka. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo.

Hatua ya kwanza ni kibali cha serikali ya Italia, na baada yake gridi ya kamba pamoja na alama ya kudumu ya kupimia kina.

Hatua ya pili ni kuondoa mabaki ya mlipuko wa volkano ya Vesuvius wa mwaka 79. Juu utakuta majivu yaliyogandamana, na chini yake pumisi, yaani vijiwe vyepesi vya volkano vyenye matundu, ambayo sehemu nyingi hukaribia unene wa mita 3. Pumisi haijishikilii, kwa hiyo uache kingo zenye mteremko au uzizuie kwa mbao. Kila kigae cha paa kipimwe mahali kilipolala kabla hakijainuliwa, kwa kuwa kigae kilicho ndani ya majivu kilianguka baada ya mvua ya pumisi, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza jinsi jengo lilivyobomoka.

Hatua ya tatu ni kusafisha sakafu ya mawe ya lava. Tumia brashi laini, wala usikwangue madoa ya kutu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Warumi walimimina chuma kilichoyeyushwa katika mashimo ya barabara ili kuyaziba, na matone yake bado yapo. Pima kina cha mikwaruzo ya magurudumu, na uangalie upande uliolika kwenye mawe ya kuvukia na ya ukingo, maana ndiyo yanayoonyesha mikokoteni ilielekea wapi.

Hatua ya nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi, ni kushuka chini ya sakafu. Usiyang'oe mawe yaliyo imara. Chagua mahali yalipokwisha kuondolewa. Chini yake mara nyingi kuna njia ya zamani ya udongo ulioshindiliwa, wakati mwingine zaidi ya moja. Tumia mwiko, na uondoe tabaka la mwisho kuwekwa kabla ya lile lililolitangulia, hata kama moja ni jembamba kama ganda la yai. Kila tabaka lipewe namba na liingizwe katika mchoro wa uhusiano, unaoonyesha tabaka lipi lilitangulia lipi, aliobuni mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973. Sarafu iliyomo huthibitisha tu kwamba tabaka liliwekwa wakati sarafu hiyo ilipotengenezwa au baadaye, mradi haikupenya kwa shimo la panya.

Hatua ya tano ni mfereji wa maji machafu. Usiutupe udongo wake: katika mji jirani wa Herculaneum, mfereji mmoja ulitoa mamia ya magunia ya uchafu wenye mifupa ya samaki, mbegu na maganda ya vyakula. Uloweke udongo majini, uyakusanye yanayoelea kwa chekeche laini, kisha uyakaushe kivulini.

Ukimaliza, tandika kitambaa cha kuzuia udongo kuchanganyika kabla ya kufukia, ili mchimbaji ajaye aone ulipoishia.