Vinia ya mkaratusi: kumenya, kukausha, kugundisha na kupanga madaraja

Vinia ni karatasi nyembamba za mti zinazomenywa kwenye gogo na kugundishwa safu juu ya safu kuwa plaiwudi. Plaiwudi ikibanduka, wa kwanza kulaumiwa ni gundi. Katika viwanda vidogo vinavyomenya mikaratusi na misindano kama vile vya Mafinga, Tanzania, kosa mara nyingi huwa limeshafanyika kabla gundi haijakorogwa: karatasi ziliingia na maji mengi, au unene wake haukulingana. Kwa hiyo tutapita upesi kwenye mashine na kukaa zaidi kwenye unyevu.

Gogo

Mkaratusi hukua ukiwa na mkazo ndani yake. Ukiangushwa, mkazo huo huachiliwa na vichwa vya gogo hupasuka, na kadiri linavyokauka ndivyo ufa unavyozidi kuingia ndani. Dawa yake ni kusafirisha magogo yakiwa marefu, kisha kuyakata vipande vya mita 1.3 kiwandani, saa chache tu kabla ya kumenya. Yakilazimika kusubiri, yaweke kivulini na uyamwagie maji mara kwa mara, hasa vichwani. Msindano haupasuki hivyo, ila ukicheleweshwa kwenye joto huingiwa na ukungu wa buluu, na doa hilo halitoki.

Osha gogo lenye tope kabla ya kulitoa magome. Punje moja ya changarawe huacha pengo kwenye makali ya kisu, na pengo hilo huchora mstari mahali palepale kwenye kila karatasi. Ukiuona mstari wa namna hiyo, simamisha mashine na unoe; hautajiondoa wenyewe.

Kumenya

Mashine nyingi za siku hizi hazina spindo, yaani vyuma vya kulishika gogo vichwani. Rola hulishika gogo kwa nje na kulizungusha dhidi ya kisu, na kinachobaki ni kijiti cha sentimita 3 hadi 4. Ndiyo maana magogo membamba ya sentimita 15 hadi 25 yanafaa. Tatizo la mashine hizi ni unene kubadilika kadiri gogo linavyopungua, kama mpangilio wake haujarekebishwa vizuri. Kwa kila gogo la majaribio, chukua karatasi moja ya mwanzo, moja ya katikati na moja ya mwisho, kisha pima kila moja kwa kalipa (kipimo cha unene) sehemu sita, tatu kila upande. Kwa vinia ya milimita 2.0, usikubali tofauti inayozidi milimita 0.1 juu au chini. Karatasi nene na nyembamba zikiwekwa safu moja, presi itaziminya zile nene, na zile nyembamba hazitaguswa ipasavyo.

Jambo la pili ni nyufa ndogo za upande uliotazama kisu. Kila vinia iliyomenywa ina upande mkaza, ule uliokuwa nje ya gogo, na upande legevu wenye nyufa hizo. Ikunje kidogo: ukiifanya itokeze upande legevu, nyufa hufunguka na kuonekana. Kinachozipunguza ni rola au upau unaogandamiza mti mbele ya makali. Nafasi kati yake na kisu iwe pungufu ya unene wa karatasi kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa milimita 2.0, ni kama 1.6 hadi 1.8. Ikiwa kubwa mno, nyufa huwa ndefu na uso unakwaruza. Ikiwa ndogo mno, nyuzi hupondeka. Mti mzito, au uliokwisha kuanza kukauka, humenyeka vizuri zaidi ukitiwa kwanza maji moto ya nyuzi joto 50 hadi 70 mpaka joto lifike ndani.

Kukausha

Anika karatasi zikiwa zimesimama au kuegemea vichanja, upepo upite pande zote mbili. Ukizilaza chini, upande wa chini hubaki na maji, wa juu hukauka na kujikunja, na mchanga hunasa juu yake. Usizipange mrundo zikiwa bado na maji. Ndani ya siku chache utakuta ukungu.

Jua lina kikomo ambacho wengi hawakihesabu. Mbao hukauka mpaka zilingane na hewa iliyozizunguka, basi. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65 huiacha mbao kwenye kama asilimia 12. Ikifika asilimia 80, mbao hubaki kama 16. Wakati wa mvua na ukungu wa nyanda za juu, hata ukianika wiki nzima karatasi haitashuka chini ya hapo. Gundi ya yurea-fomaldehaidi inataka vinia yenye asilimia 6 hadi 10. Pengo hilo huzibwa na mashine ya kukaushia tu: ya rola, au presi ya sahani za moto inayofunguka kila baada ya muda mfupi ili mvuke utoke.

Moto nao usizidi. Vinia iliyoungua hufunga uso wake na haifyonzi gundi. Dondosha tone la maji juu ya karatasi iliyopoa: likitandaa na kuzama, uso ni mzima. Likikaa kama ushanga, karatasi hiyo usiitie gundi kabla ya kuipiga msasa.

Kipima unyevu cha sindano ni kizuri kwa kupita haraka, lakini kihakikishe kwa tanuri. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20 katikati ya karatasi, si pembeni, na ukipime uzito papo hapo. Kiweke kwenye nyuzi joto 103 mpaka uzito uache kushuka. Tuseme kilikuwa gramu 48 kikawa gramu 43: maji yaliyotoka ni gramu 5, gawa kwa 43, unapata asilimia 11.6. Unagawa kwa uzito mkavu, si mbichi. Fanya hivyo kwa karatasi kadhaa za kila mrundo, maana wastani mzuri unaweza kuficha karatasi moja ya asilimia 20, na hiyo moja inatosha kuharibu ubao mzima.

Gundi na presi

Mchanganyiko wa kuanzia: gundi ya yurea-fomaldehaidi kilo 100, unga wa ngano kilo 20, kloridi ya amonia kilo 0.5 hadi 1 iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji kidogo. Koroga kiasi utakachomaliza kabla hakijaanza kuwa kizito, na siku ya joto punguza kloridi ya amonia, maana ndiyo inayoharakisha gundi kukaza. Eneo la kazi liwe na hewa ya kutosha: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi, gesi inayotoka kwenye gundi hii, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Paka gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba, pande mbili kwa pamoja. Usikisie. Karatasi ya mita 1.27 kwa 0.64 ina mita za mraba 0.81, ipime kabla na baada ya kupita kwenye rola za gundi, iongezeke kama gramu 260.

Sasa hesabu maji. Karibu nusu ya gundi hiyo ni maji, yaani kama gramu 150 kwa mita ya mraba. Maji hayo yanagawanywa na karatasi mbili, iliyopakwa na jirani yake isiyopakwa. Kwa milimita 2 kila moja, zote mbili zina uzito mkavu wa takriban gramu 2,160 kwa mita hiyo ya mraba. Gundi peke yake imeongeza asilimia 7. Vinia ya asilimia 8 inaingia kwenye presi na 15. Ya asilimia 14 inaingia na 21. Kwenye nyuzi joto 110 maji hayo ni mvuke uliofungiwa, na ukifungua presi ghafla unapasua ubao kutokea katikati.

Gandamiza baridi dakika 30 hadi 45, kisha moto wa nyuzi joto 105 hadi 115, dakika moja hivi kwa kila milimita ya unene. Mgandamizo wa megapaskali 1.0 juu ya ubao si namba ya kwenye geji, maana geji husoma mgandamizo wa ndani ya silinda za presi. Ubao wa mita 1.27 kwa 2.54 una mita za mraba 3.23, silinda nne za kipenyo cha milimita 250 zina jumla ya mita za mraba 0.196. Gawa 3.23 kwa 0.196: geji isome kama megapaskali 16.5, yaani baa 165. Mwishoni shusha mgandamizo taratibu, kwa hatua.

Ubao ukiharibika, upasue kwa patasi usome. Uvimbe katikati ni mvuke. Kingo zilizoachia ni mgandamizo mdogo au vinia nyembamba pembeni. Gundi inayong'aa upande mmoja bila alama ya mti upande wa pili ilikauka kabla ya presi kufunga. Nyuzi za mti zikichanika zenyewe, gundi imeshika.

Yurea-fomaldehaidi haivumilii kuchemshwa. Plaiwudi ya kumiminia zege au ya kukaa nje itengenezwe kwa gundi ya fenoli, kwa nyuzi joto 130 hadi 145 na vinia kavu zaidi. Kuuza ile ya kwanza kwa jina la pili ni kumwibia mjenzi.

Madaraja

Panga daraja vinia ikiwa kavu, kwa sababu nyufa na matundu ya vifundo hupanuka inapokauka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2426 kina ngazi tano za uso, E, kisha I hadi IV, kwa kutazama vifundo, nyufa, rangi na viraka. Karatasi ya uso ielekeze upande mkaza nje. Za ndani zinaweza kuwa na vifundo na rangi mbaya, lakini zisiwe zimepandana wala kuachana kwenye maungio: pengo hutokeza bonde usoni baada ya presi, na palipopandana msasa hukwangua uso mpaka gundi ionekane.