Somo: Kuchagua matairi ya misimu yote kwa gari la kila siku, mvua ya Nairobi ikikaribia

Tuanze na jina lenyewe. "Misimu yote" ni lugha ya nchi zenye theluji, maana yake tairi usilolazimika kulivua majira ya baridi yakiingia. Nairobi tuna masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na lami iliyokaa wiki kadhaa ikinywa mafuta ya matatu na vumbi kabla tone la kwanza halijaanguka. Kwa hiyo ukiona M+S ubavuni mwa tairi, usiongeze hata shilingi. Herufi hizo ni za matope na theluji, na kiwanda hujiandikia chenyewe bila mtihani. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji ina mtihani, ila ni mtihani wa theluji. Wewe unatafuta tairi linaloshika lami iliyolowa, basi.

Hatua ya 1: Saizi

Isome kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Tairi ulilolikuta kwenye gari si ushahidi. Huenda mwenye gari wa awali alifunga lililokuwa bei nafuu siku hiyo.

Tuchukue 185/65R15 88H. Upana ni milimita 185, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni inchi 15. Namba 88 ni mzigo wa kilo 560 kwa tairi moja, na H ni kasi ya juu ya kilomita 210 kwa saa. Namba ya mzigo usiishushe, hasa kama Ijumaa gari hubeba watu watano na magunia ya viazi.

Muuzaji akikosa saizi yako atakwambia "weka hii, ni sawa tu." Piga hesabu. 185/65R15 ina kipenyo cha takriban milimita 621. 195/60R15 ni 615, tofauti ya asilimia 1, inavumilika kama rimu inaikubali. 185/60R15 ni 603, pungufu kwa asilimia 3: spidomita itasoma juu kuliko kasi halisi, na gari litashuka milimita 9, utazisikia kwenye kila tuta la mtaani. Wala usikimbilie tairi pana kwa sababu ya urembo. Kwenye maji pana huelea mapema, jembamba hukata.

Hatua ya 2: Umri

Tafuta neno DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 1425 ni wiki ya 14 ya mwaka 2025. Mara nyingi tarakimu hizo zimechapwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo usipoziona mwambie muuzaji aligeuze tairi. Likizidi miaka 2 tangu litoke kiwandani, mimi huomba lingine. Likifika miaka 6 likiwa garini, likaguliwe kila mwaka hata kama meno yamejaa, kwa kuwa mpira hukauka na mpira mkavu hauishiki lami yenye maji. Mng'aro usikudanganye. Rangi ya kiatu hung'arisha tairi kuukuu vizuri sana. Kunja meno kwa vidole uangalie chini kabisa ya mifereji: nyufa nyembamba kama nywele zikionekana hapo, liache.

Hatua ya 3: Mshiko

Matairi mengi huwa na maneno matatu ubavuni: TREADWEAR, TRACTION, TEMPERATURE. La kuangalia kwanza ni TRACTION. Viwango vyake ni AA, A, B na C, na vinapima breki ya kwenda moja kwa moja kwenye lami na saruji iliyolowa, kona haimo. Chukua A au AA. TREADWEAR ni uimara. 300 huisha mapema kuliko 600, lakini namba kubwa mara nyingi ni mpira mgumu zaidi. Kwa gari la kwenda kazini, kati ya 300 na 500 panatosha. Kila kiwanda hujipimia, kwa hiyo linganisha matairi ya kampuni moja.

Hatua ya 4: Meno

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha takriban milimita 7 hadi 8. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vyenye alama ya TWI ubavuni. Meno yakilingana navyo, imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa mvua hapo umechelewa. Badilisha ikibaki 3. Kama huna kipimo, laza njiti ya kiberiti ndani ya mfereji: unene wake ni kama milimita 2. Ikichomoza juu ya meno, umeshapita ile 3, badilisha. Pima ndani, katikati na nje. Kuisha upande mmoja ni shida ya alainimenti (jinsi magurudumu yalivyonyooshwa), na tairi jipya litakufa vilevile usiporekebisha kwanza.

Hatua ya 5: Kufunga

Mshale wa ROTATION uelekee mbele. Neno OUTSIDE lionekane ukisimama nje ya gari. Badilisha valvu za mpira, ni pesa ndogo. Ya zamani hupasuka shinani na kuvuja polepole. Balansi kila gurudumu. Nati zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa mkingamo, kisha spana ya kupima nguvu. Magari mengi madogo ni takriban Nm 100 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), thibitisha kwenye kitabu cha gari. Mashine ya upepo ikikaza hadi mwisho, siku ya pancha hutazifungua barabarani. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita 200 za kwanza endesha taratibu, uso wa tairi jipya bado unateleza.

Hatua ya 6: Upepo

Kiasi cha upepo kisome kwenye stika ileile ya mlango. Stika za Kijapani huandika kPa, vituo vyetu hutumia psi; vyote ni vipimo vya shinikizo la upepo. 220 kPa ni psi 32, 230 ni 33. Pima asubuhi kabla ya safari. Usimjibu mhudumu wa petroli "weka 35" kwa mazoea. Upungufu ndio hatari zaidi kwenye maji: kwa kanuni ya watafiti wa NASA ya miaka ya 1960, tairi kipara lenye psi 32 huanza kuelea kwenye maji ya kutosha karibu kilomita 94 kwa saa, kwa psi 24 ni karibu 82. Thika Road hiyo ni kasi ya kawaida tu.

Maswali ya wanachama

Kutoka Ruiru: Habari fundi. Gari langu limefika kutoka Japani, matairi yameandikwa STUDLESS na meno ni kama mapya. Nianze nayo?

Jibu: Hapana. Hayo ni ya barafu. Mpira wake ni laini kupita kiasi kwa joto letu, meno hucheza ukikanyaga breki, na huisha haraka. Kwenye lami yenye maji yatakuvuta mbele kuliko unavyotarajia. Yavue kabla ya mvua.

Kutoka Rongai: Nina pesa ya matairi mawili tu, na gari huvuta kwa mbele. Niweke mbele?

Jibu: Weka nyuma, yale mazuri zaidi kati ya yaliyobaki yaende mbele. Mbele likiteleza, usukani unakuwa mwepesi mkononi, unaachia mafuta, gari linarudi. Nyuma likiteleza kwenye kona gari huzunguka. Kama ya mbele yamefika milimita 1.6, subiri upate pesa ya manne.

Kutoka Kitengela: Kuna jamaa anachonga meno upya kwa kisu cha moto, bei ni ndogo mno.

Jibu: Anachonga mpira unaofunika nyuzi za chuma. Maji yakizifikia hushika kutu, kisha uso wa tairi hubanduka ukiwa kasi. Kuchonga ni kwa matairi yenye neno REGROOVABLE tu, kama ya malori.

Kutoka Umoja: Niligonga shimo lililojaa maji, sasa ubavu umevimba kama yai. Upepo hautoki.

Jibu: Nyuzi za ndani zimekatika, na hakuna kiraka cha ubavu. Funga spea leo, na ukague rimu kwa ndani kama imepinda.